Mdudu wa Kaharabu na Jina la Mama

Mama yangu alipita miaka themanini kabla hajazaliwa. Nieleze mara moja, kabla hujadhani nimechanganyikiwa. Kwetu Wakikuyu, jina la mtoto halichaguliwi kwa utamu wake. Binti wa kwanza hupewa jina la nyanya yake mzaa baba, wa pili jina la nyanya yake mzaa mama, na siku mtoto anapopewa jina lako, watu husema umezaliwa. Umeanza upya. Hata ukienda, kuna atakayeitika jina lako likiitwa.

Sasa Mama hakujaliwa mtoto wa kiume. Alitupata mabinti wawili tu. Dada yangu mkubwa aliingia utawa, na watawa hawazai. Nikabaki mimi, na mimi nikazaa wavulana watatu mfululizo, kila mmoja akija na kelele zake. Baadaye kijana wangu mkubwa akapata msichana, na kwa mila yetu msichana huyo akapewa jina langu. Nikawa nimezaliwa mimi, na mama yangu bado.

"Umezaliwa kabla yangu, Maitu," aliniambia siku tulipokwenda kumwona mtoto. "Hiyo ni adabu gani?"

Huniita Maitu, yaani mama yangu, kwa sababu nimebeba jina la mama yake. Mimi humwita Mami. Tulicheka wote wawili, lakini kicheko chake kilikatika mapema kuliko changu. Kanisani kwao kule Dundori, ibada ikiisha, watoto hukimbilia nyanya wanaowaita kwa majina yao. Mama alikuwa na peremende katika mkoba wake kila Jumapili, akiwagawia watoto waliobeba majina ya wanawake wengine. Alizigawa kwa furaha ya kweli. Mimi ndiye niliyekuwa nikiumia nikimtazama.

Kazi yangu ni wadudu. Nilifundisha somo la biolojia hadi nilipostaafu, na nilipostaafu nikafanya nilichokuwa nimekitamani miaka yote: nikakitwaa chumba cha wavulana, hapa nyumbani mtaa wa Free Area, nikatoa vitanda, nikaweka meza, taa mbili na darubini ya kutazamia vitu vidogo. Wavulana walilalamika kwamba wakija hawana pa kulala. Niliwaambia wana wake na nyumba zao.

Wadudu wenyewe ninaowashughulikia unawajua, ila hujui kwamba unawajua. Ni yule mwembamba mwenye miguu mirefu isiyo na mpangilio, anayeingia sebuleni mvua zikianza na kujigonga ukutani kama mlevi anayetafuta mlango. Watu humwita mbu mkubwa. Wengine husema ni dume la mbu, wengine ni baba ya mbu, na wote huvua malapa. Hilo jambo hunipandisha hasira hadi leo. Mdudu huyo hana mdomo wa kumuuma mtu. Haleti malaria. Hajawahi kumkosea mtu yeyote Nakuru hii, isipokuwa labda mabuu wake waliomo udongoni wanaoguguna mizizi, na hilo ni jambo la kuzungumza, si la kupigana malapa. Kiswahili hakijampa jina la peke yake ninalolijua, kwa hiyo mimi humwita miguu-mirefu. Nimewakusanya Dundori, Menengai, na kando ya vijito vyote vya miinuko ile, na nimepoteza viatu vingi matopeni kwa ajili yao.

Kwa njia hiyo nilifahamiana na mwanamke mmoja wa Ulaya ya kaskazini anayetunza kaharabu katika jumba la makumbusho. Kaharabu ni utomvu wa mti ulioganda zamani mno hadi ukawa kama jiwe, rangi yake ile ya asali inapopigwa na jua. Utomvu ulipokuwa bado unateleza juu ya gome, wadudu walinasa humo, wakafunikwa, na humo ndani wamo hadi leo na miguu yao yote. Tulikuwa tumeandikiana kwa kompyuta miaka kadhaa kuhusu mabawa, maana katika wadudu hawa bawa ndilo kitambulisho: mishipa yake imechorwa kwa namna moja katika kila aina. Siku moja akaniandikia kwamba ana kipande chenye mdudu ambaye bawa lake linamkumbusha wale ninaowaokota mimi huku kwetu. Je, ningependa kumwangalia?

Ningependa! Mtu mwenye njaa huulizwa kama angependa ugali?

Jiwe lilifika ndani ya kisanduku kilichojaa pamba. Lilikuwa dogo kuliko harage la rosecoco, na jepesi hata nikadhani wamenitumia pamba tupu. Niliosha mikono mara mbili kama mkunga. Nikaliweka chini ya darubini, nikawasha taa, nikainama.

Sijui nikueleze vipi. Alikuwa pale amesimama. Alikuwa na bawa moja lililokunjuka wazi na la pili limelala mgongoni, vipapasio viwili mbele kama nyuzi zenye shanga, na nyuma ya mabawa vile vijiti viwili vyenye kifundo ambavyo humsaidia asiyumbe hewani. Miguu mitano ilikuwepo. Wa sita ulikuwa umekatika na kulala kando yake, maana hawa hata wakiwa hai huachia mguu kwa sababu ndogo tu. Kwenye bawa kulikuwa na madoa manne ya hudhurungi, na mshipa mmoja uliopinda ghafla karibu na ncha, ukafunga kijumba kidogo chenye pembe tano. Kijumba hicho kilinifanya nishike tama. Nilikuwa nimeona mabawa maelfu na sijawahi kukiona mahali pale.

Kazi ya kumwelezea mdudu mpya si kuona tu na kupiga kelele. Lazima kwanza uhakikishe hakuna mwenzako aliyekutangulia. Kwa majuma mengi nilikaa na picha na maelezo ya ndugu zake wote waliowahi kutajwa, wa kwenye kaharabu na walio hai, nikilinganisha mshipa kwa mshipa, doa kwa doa. Nilisahau sufuria jikoni mara mbili. Mume wangu akajifunza kupika githeri, jambo ambalo ndoa ya miaka mingi ilikuwa imeshindwa kumfundisha. Mwisho wa yote sikuwa na shaka. Hakuwa na jina. Na kwa desturi ya kazi yetu, anayemwelezea mdudu kwa mara ya kwanza ndiye anayempa jina, na anaweza kumpa jina la mtu.

Nilisimama katikati ya chumba cha wavulana nikapiga ukelele hadi mbwa wa jirani akaitikia. Nilikuwa nimepata binti wa pili, yule wa kubeba jina la Mama.

Kesho yake nilipanda Dundori. Mama alikuwa uani ameketi kwenye kiti kifupi, akichambua viazi vya mbegu, vyenye macho mazuri huku, vya kupika kule. Sikungoja hata chai. Nilimwambia kuna mdudu, hana jina duniani, na mimi nitampa jina lake yeye. Litaandikwa na kusomwa na wataalamu wa kila nchi, na halitafutwa kamwe.

Alichambua viazi vingine vitatu.

"Ni mdudu gani?"

"Yule wa miguu mirefu, Mami. Ninaowashika kule kijitoni."

"Yule wa kupigwa na malapa?"

"Hapigwi na malapa nikiwa hapo."

"Sawa. Ni kijana ama ni msichana?"

Ni kweli, nilikuwa nimemchunguza mkia, na mkia wake ulikuwa mnene wenye vishikio viwili kama koleo. Katika fani yetu hiyo ni habari njema sana, maana ni kwa mkia wa dume aina hizi hutofautishwa vizuri. Wataalamu wakichagua mdudu mmoja wa kubeba jina, huchagua dume wakimpata. Nilikuwa nimelifikiria jambo hilo mara mia kama mwalimu wa biolojia na sikulifikiria hata mara moja kama Mkikuyu.

"Ni... ni kijana," nikasema.

Mama aliweka kiazi chini. Akanitazama kwa huruma, jinsi unavyomtazama mtoto aliyevaa sweta ndani nje akiwa anaenda shule.

"Maitu, wewe umesoma. Umeona wapi kijana akipewa jina la nyanya, la cucu wake?"

"Lakini huyu ni mdudu, Mami."

"Kama ni mdudu tu, mbona unampa jina langu? Na kama si mdudu tu, basi mila ni mila. Mimi nizaliwe mwanamume? Nianze kuoa saa hii?" Alicheka hadi kitambaa cha kichwa kikalegea. Kisha akapangusa macho na kusema taratibu, "Nimengoja sana. Siwezi kungoja hivi halafu nizaliwe vibaya."

Nilishuka mlima nimekula hasira. Nilimkasirikia yeye, nikaikasirikia mila, nikamkasirikia dume yule na koleo zake. Nilipofika nyumbani hasira ilikuwa imeshanigeukia mimi mwenyewe, kwa sababu Mama alikuwa amesema kweli. Nilitaka kumpa kitu alichokingoja maisha yake yote, na nilikuwa nimekileta kimepinda. Na hakuwa akirudi ujana. Binti wa pili mwingine nisingempata, si kwa umri wangu.

Basi nikarudi mezani. Nilikuwa na jiwe moja tu na hapakuwa na mahali pengine pa kutafuta. Upande mmoja wa jiwe ulikuwa na wingu jeupe, kama maziwa yaliyomwagika ndani ya chai ya rangi kabla hujakoroga. Mawingu ya namna hiyo ni ya kawaida katika kaharabu, na sikuwa nimeyajali kwa kuwa dume wangu alikuwa upande ulio wazi. Safari hii nililigeuza jiwe polepole chini ya taa, nikitazama wingu lenyewe. Ndani yake, kwa mbali, kulikuwa na mstari mwembamba wenye kiungo. Ulikuwa mguu. Nikaufuata kwa jicho, na haukuwa mguu wa dume, maana miguu yake yote nilikuwa nimeshaihesabu.

Nikaivuta taa karibu. Hawa hujamiiana wakiwa wametulia juu ya gome, mmoja huku na mwingine kule, na si ajabu utomvu uwakute wawili pamoja.

Kuna njia moja tu ya kumtoa mdudu mawinguni, nayo ni kulisugua jiwe hadi unamkaribia. Unatumia msasa laini sana na maji, kisha dawa ya meno juu ya kitambaa, ukisugua kwa kidole, unasuuza, unatazama, unasugua tena. Ukiharakisha, jiwe linapata moto na kupasuka. Ukizidisha, unamsaga mdudu mwenyewe, na hapo umemuua mara ya pili. Mwenye jiwe aliniruhusu, kwa maneno machache ya tahadhari. Mume wangu alinikuta nikisugua na kunong'ona, akauliza naongea na nani. Nikamwambia naongea na mama mkwe wake, aondoke mlangoni asinizibie mwanga.

Nilisugua asubuhi kwa asubuhi, jua likiingia dirishani, redio ikiwa imezimwa. Kwanza likatokea goti. Halafu ncha ya bawa, na kwenye bawa doa la hudhurungi, na jingine, na mshipa uliopinda, na kile kijumba chenye pembe tano. Nilijizuia kushangilia ili mkono usiteleze. Mwisho ukatokea mkia. Haukuwa mnene wala haukuwa na koleo. Ulikuwa umechongoka kama sindano ya kushonea magunia, ncha ambayo jike hutumia kuchoma udongo ili atage mayai.

Nililia. Sioni sababu ya kuficha. Nililia na dawa ya meno mikononi, nikajipaka hadi kwenye nyusi.

Yule mwenzangu wa makumbusho hakufurahi kama mimi. Aliandika kwa upole kwamba kwa kawaida tungemchagua dume abebe jina, na jike atajwe kama mwenzi wake. Nilimjibu kwa ukali kidogo, halafu nikaufuta ukali, nikamweleza habari za Mama kuanzia mwanzo hadi mwisho. Zikapita siku chache. Kisha akajibu kwamba ameitazama picha ya bawa tena, kwamba bawa la jike linatosha kabisa kuitambulisha aina hii, na kwamba yeye mwenyewe ana jina la nyanya yake. Maelezo yakachapishwa hivyo. Jike ndiye aliyebeba jina. Dume akaandikwa chini, na koleo zake.

Nilimpigia Mama simu nikamwambia ni msichana na jina limetoka. Nikamsikia akiwafukuza kuku.

"Haya," akasema. "Tutakuja kumwona."

Sikuwa nimeelewa "tutakuja" ni nani na nani. Jumamosi hiyo kabla ya saa sita gari la kukodi lilisimama nje ya lango, wakashuka wanawake saba wa chama chake cha kanisa, wamevaa vitambaa vya kichwa vya rangi moja, wakiimba. Mmoja alibeba kiondo cha viazi na ndizi. Mwingine alikuwa na jagi kubwa la uji. Mwingine alikumbatia shuka jipya laini, lile la kumfunikia mtoto mchanga. Mama alikuja katikati yao, akitembea wima kuliko nilivyomwona siku nyingi. Kwetu mtoto akizaliwa, wanawake huja kumwona kwa wimbo na chakula. Mama alikuwa ametangaza kanisani kwamba amezaliwa, na hakuongeza neno.

"Haki tulidhani ni wewe umepata mtoto na hiyo miaka," mwenye jagi alininong'oneza. "Tukasema Mungu ni mkubwa! Kwa gari ndio ametuambia ni mdudu."

"Na bado mkaja?"

"Uji ilikuwa imeshaiva."

Tulijibana sote katika chumba cha wavulana. Mwenye shuka alilikunja akaliweka mezani, kando ya darubini, mahali ambapo mtoto angekuwa. Nilimkalisha Mama kwenye kiti changu, nikamrekebishia jicho la darubini, nikamshika bega ili asilisukume jiwe. Alitafuta kwa muda, akilalamika kwamba anaona kope zake tu. Kisha akaacha kulalamika.

"Ako na mabawa mazuri," akasema.

"Yana madoa manne. Hakuna mwingine kama yeye, Mami."

"Na huyu wa upande huu?"

"Ndiye yule kijana."

"Anaitwaje?"

"Jina hilohilo lako. Wote wa aina hiyo wanaitwa hivyo."

"Ameolewa kwetu, basi," akasema bila kuinua uso, na chumba kizima kikaangua kicheko.

Wakapokezana kumwona, mmoja baada ya mwingine, wakisema yale yanayosemwa: amefanana na cucu wake miguu, ametulia, halii ovyo. Halafu mwenye jagi akauliza swali ambalo kila mgeni humuuliza mzazi.

"Ako na miezi mingapi?"

Ningeweza kudanganya. Lakini nimefundisha maisha yangu yote na ulimi hautaki. Nikawaambia kwamba utomvu ule ulimwagika zaidi ya miaka milioni thelathini iliyopita, kabla ya ziwa letu, kabla ya mlima wa Menengai kulipuka, kabla ya mtu yeyote kuitwa jina lolote. Mmoja akasema pasta asisikie hiyo maneno. Wengine wakamtazama Mama, wakiogopa kwamba nimemharibia siku.

Nami nikaogopa. Mila aliyoishika kwa dume yule alikuwa bado ameishika.

Mama aliinama tena kwenye darubini. Alikaa hapo muda mrefu. Alipoinua kichwa alikuwa na uso wa mtu anayemalizia hesabu.

"Maitu. Jina hutoka kwa mkubwa likienda kwa mdogo. Si ndiyo?"

"Ndiyo, Mami."

"Halirudi nyuma."

"Halirudi."

"Sasa kati yangu na huyu msichana, mkubwa ni nani?"

"Ni yeye, Mami."

"Basi hakupewa jina langu. Ni mimi nilipewa lake." Akageuza kiti kidogo, akawatazama wenzake mmoja mmoja, mikono yake ya kuchambua viazi imetulia mapajani. "Kwa hivyo niambieni, mtoto hapa ni nani?"

Mwenye shuka alisogea mezani, akalichukua lile shuka jipya, akalikunjua, akamfunika Mama mabegani na kulifunga mbele vizuri, chini ya kidevu. Kisha akarudi nyuma, akavuta pumzi, na wanawake wote wakapiga vigelegele vitatu, kama apigiwavyo mtoto wa kike. Mama alifumba macho akavisikiliza vyote hadi mwisho.